Mwanangu anapelekwa misheni Afrika ya Kati. Vita vile vinatuhusu nini?

"Habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Moshi, nauza mitumba Kiboriloni. Kitinda mimba wangu ni askari wa JWTZ, ana miaka 26. Majuzi alinipigia akasema kikosi chake kiko mafunzoni na kitaenda misheni ya Umoja wa Mataifa Afrika ya Kati, mji unaitwa Berbérati. Tangu siku hiyo usingizi umeniruka. Shemeji yangu anasema vile ni vita vya Warusi na Wafaransa kugombea dhahabu na almasi, na UN ina jeshi lake na mapesa yake, sasa watoto wetu wanachukuliwa wa nini? Jirani naye ananipongeza, ati kijana atarudi na madola tuporomoshe ghorofa. Mimi nimekulia Arusha. Toka usichana wangu naona misafara ya mikutano ya amani ikipita mjini, mara Rwanda, mara Burundi, mara Kongo, na vita haviishi. Nauliza, kuna faida gani? Na nikienda kwa mkuu wake wa kikosi nikamwomba alitoe jina la mwanangu, nitakuwa nimekosea? Baba yake alishatangulia, na huyu ndiye wa kubaki na kihamba, shamba letu la ukoo."

Pole sana, mama. Kukwambia "usijali" itakuwa ni kukufukuza mlangoni, kwa hiyo sitasema hivyo. Umeuliza mengi, lakini nasikia swali moja chini ya yote: mwanangu akiumia, ataumia kwa ajili ya nini? Nilifanya kazi za kiraia kwenye misheni za Umoja wa Mataifa kabla sijarudi Arusha kufundisha, na swali hilo nimelisikia kwa wazazi wa mataifa mengi. Nitalijibu kwa urefu, maana waliokuzunguka wamekupa vipande vipande, vingine vya kweli, vingine vya kijiweni.

Nianze na shemeji, kwenye hilo la jeshi. UN haina jeshi. Mkataba wake wa mwaka 1945 ulitaka nchi wanachama zitenge askari wa kuwa tayari muda wote, lakini jambo hilo halijawahi kutekelezwa hadi leo. Kinachofanyika ni hiki: Baraza la Usalama, lenye nchi 15, linakaa New York na kupitisha azimio kwamba mahali fulani pawe na misheni, yenye askari kiasi fulani, wa kufanya kazi fulani. Azimio likishapita, watumishi wa UN wanaanza kuzunguka kwenye serikali za dunia kuomba askari. Nepal inatoa, Bangladesh inatoa, Rwanda inatoa, India inatoa, Tanzania inatoa. Wanavaa bereti za bluu, lakini kila mmoja anabaki askari wa nchi yake, chini ya sheria za jeshi la nchi yake. Mkuu wa misheni anampangia kazi. Kumwadhibu au kumpandisha cheo ni mamlaka ya waliomtuma.

Na hayo mapesa ya UN? Wewe mama unajua kikoba kinavyokwenda. Mfuko una nguvu kadiri wanachama wanavyoweka, na mwanachama mkubwa akichelewesha hisa, wote mnakaa mnatazamana. Bajeti ya misheni zote za amani duniani kwa mwaka ni dola bilioni 5 na ushei. Ukizilinganisha na zaidi ya dola trilioni 2.7 zilizotumika kwenye majeshi ya dunia mwaka 2024, hata nusu ya asilimia moja hazifiki. Marekani na China peke yao wanapangiwa karibu nusu ya mchango huo, na wasipolipa kwa wakati, misheni inakaukiwa. Ndiyo maana Oktoba 2025 UN ilitangaza kupunguza takriban robo ya walinda amani wake. Nakutajia hili kwa sababu linaigusa safari ya mwanao moja kwa moja: tarehe zinaweza kusogezwa, idadi ikapunguzwa, muda ukabadilika. Akikupigia kesho na kusema safari imeahirishwa, usidhani anakuficha kitu.

Jirani yako sasa. Umoja wa Mataifa hurejesha kwa serikali kiasi maalumu kwa kila askari kwa mwezi. Tangu Julai 2022 kiwango kilikuwa dola 1,448. Watu wakisikia namba hiyo wanaiwekea jina la askari, kumbe inaingia serikalini, kwa sababu serikali ndiyo inayomlipa mshahara, kumvisha na kumfundisha. Anachopewa askari na UN mkononi ni posho ya dola 1.28 kwa siku. Ndiyo, dola moja na senti ishirini na nane, yaani kama dola 38 kwa mwezi. Kuna na posho kidogo ya likizo. Nyongeza yoyote juu ya hapo ni uamuzi wa kila nchi na askari wake, na mwanao ataelezwa na wakubwa wake. Ninachokusihi ni kimoja: msichukue mkopo wala kumwaga mawe ya msingi kwa kutegemea "madola ya misheni". Nimeona familia zikirudi nyuma miaka kwa hesabu za namna hiyo.

Kuhusu Warusi na Wafaransa, shemeji yako ameshika nusu ya ukweli, na nusu hiyo si ndogo. Machi 2013 waasi walioitwa Seleka waliingia mji mkuu, Bangui, na kumwondoa Rais Bozizé. Wakazuka wapiganaji wengine, anti-Balaka, wakaanza kulipiza, na mauaji yakachukua sura ya Waislamu na Wakristo. Umoja wa Afrika ulipeleka kikosi, Ufaransa ikapeleka chake, na Aprili 2014 Baraza la Usalama likaunda misheni iitwayo MINUSCA, ambayo ndiyo anayokwenda kijana wako. Warusi, wale wa Wagner, kampuni ya askari wa kukodiwa, waliingia tangu 2018 kwa makubaliano yao na serikali ya Bangui. Askari wa mwisho wa Ufaransa waliondoka Desemba 2022. Rwanda nayo ina askari wake kule kwa makubaliano ya nchi mbili, mbali na wale iliowatoa UN. Almasi na dhahabu zipo, na ukanda wa Berbérati wenyewe ni wa almasi. Kwa hiyo ni kweli kuna wakubwa wanaogombea. Pale shemeji anapokosea ni kuwaweka wote kwenye kapu moja. MINUSCA haiko chini ya Mrusi wala Mfaransa. Azimio lake linapigiwa kura upya kila mwaka, na mataifa hayo mawili, pamoja na Marekani, China na Uingereza, kila moja lina kura ya turufu ya kulizima. Miaka yote hii halijazimwa. Hata wanaogombana wanaona heri misheni iwepo kuliko isiwepo.

Sasa kwa nini wasimalize vita wakarudi nyumbani? Hili ndilo linalochosha watu, na mimi nalielewa. Afrika ya Kati ina ukubwa wa kilomita za mraba 623,000 hivi, theluthi mbili za Tanzania, barabara za lami ni za kuhesabu, na misheni iliruhusiwa askari 14,400. Gawanya. Ni kama kuipa manispaa nzima ya Moshi askari mmoja, wawili ukibahatika, halafu uwaambie wazuie wizi Majengo, Pasua na Njoro usiku mmoja. Zaidi ya hapo, walinda amani hawatumwi kuteka nchi. Wanakaa kwa ridhaa ya serikali iliyopo, hawatakiwi kuchukua upande, na nguvu wanaitumia kujilinda, kulinda raia na kutimiza kile azimio lilichowatuma. Kazi yao hasa ni kununua muda. Wakati wao wanashika barabara na kulinda mji, wanasiasa na wenye bunduki wanatakiwa kukaa mezani. Februari 2019 makundi 14 yalitia saini na serikali. Desemba 2020 baadhi yao wakaungana tena na kwenda kuvamia kuelekea Bangui. Aprili 2025 mawili makubwa yakasaini upya kule N'Djamena, Chad. Hatua mbili mbele, moja nyuma, wakati mwingine mbili nyuma.

Nikupe kitu kimoja cha karibu, ambacho wewe mfanyabiashara utakielewa kuliko wanafunzi wangu. Afrika ya Kati haina bahari. Mzigo wa Bangui unashushwa Douala, Kamerun, unapanda kwa malori hadi mpakani Garoua-Boulaï, halafu unashuka barabara moja kuu hadi mji mkuu. Mwanzoni mwa 2021 makundi yenye silaha yaliikata barabara ile. Mamia ya malori yalikwama mpakani, madereva wakilala chini ya trela zao kwa wiki kadhaa, na Bangui bei ya chakula ikapaa. Ilipofika Februari, askari wa UN na wa serikali wakaanza kusindikiza misafara: magari ya deraya mbele, malori katikati, deraya nyuma, mwendo wa kobe. Unga ukafika sokoni. Sikuona gazeti la huku lililoandika, kwa sababu unga kufika sokoni si habari. Sehemu kubwa ya kazi atakayofanya mwanao inafanana na hiyo: doria, lindo, kusindikiza malori, kukaa kwenye kambi ndogo ili mnada wa kijiji ufanyike.

Umesema umekulia Arusha ukiona misafara. Basi tuongee Arusha, maana jibu la "kuna faida gani" liko hapo hapo mjini kwenu, na lina pande mbili.

Tarehe 4 Agosti 1993, serikali ya Rwanda na waasi wa RPF walitia saini Arusha mkataba wa kumaliza vita. Karatasi ilikuwa nzuri. UN ikapeleka kikosi cha kuusimamia, kidogo, bila silaha nzito, bila ruhusa ya kutosha. Aprili 7, 1994, siku ya kwanza ya mauaji, walinda amani kumi wa Ubelgiji waliuawa Kigali. Ubelgiji ikawaondoa askari wake. Wazazi wa Ubelgiji walilia kama ambavyo wewe unalia, na walikuwa na haki. Tarehe 21 Aprili, mauaji yakiwa yamepamba moto, Baraza la Usalama likapiga kura kupunguza kikosi kibaki watu 270. Unajua kilichofuata. Tarehe 28 na 29 Aprili, ndani ya saa 24, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakaingia Ngara. Robo milioni, siku moja, kwenye wilaya moja ya Tanzania. Miti ikakatwa, maji yakaisha, na serikali yetu ikabaki na mzigo huo kwa miaka. Magari meupe uliyokuwa ukiyaona baadaye pale AICC, jengo la mikutano, yalikuwa ya mahakama ya kimbari, iliyoundwa Novemba mwaka huo huo. Mahakama ile ilifanya kazi kubwa. Mwaka 1998 ilikuwa ya kwanza duniani ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari. Lakini mahakama ni ya baada ya maziko.

Upande wa pili ni Burundi. Mwalimu Nyerere alisuluhisha mazungumzo hapo hapo Arusha mpaka alipofariki Oktoba 1999, Mandela akapokea kijiti, na mkataba ukasainiwa tarehe 28 Agosti 2000. Nao uliposainiwa watu walisema ni karatasi tu, na makundi mengine ya waasi hayakusaini kabisa. Tofauti ni kwamba safari hii kulikuwa na askari nyuma ya karatasi. Afrika Kusini ilipeleka wake mwaka 2001 kuwalinda wanasiasa waliokuwa wanarudi kutoka uhamishoni. Mwaka 2003 Umoja wa Afrika ukapeleka misheni yake ya kwanza kabisa ya kulinda amani, askari wakitoka Afrika Kusini, Ethiopia na Msumbiji. Mwaka uliofuata UN ikaichukua. Uchaguzi ukafanyika 2005, na kundi la mwisho la waasi likaweka silaha chini 2009. Mwaka 2015 Burundi ilitikisika tena na wakimbizi wakavuka Kigoma, sikatai. Lakini vita vile vya miaka kumi na zaidi, vilivyoua watu wanaohesabiwa kwa laki, havikurudi.

Mji ni ule ule, na meza karibu zile zile. Mimi nikiulizwa kwa nini Rwanda iliangamia na Burundi ikavuka, naweza kukutajia sababu nyingi, lakini mojawapo, na si ya mwisho, ni kwamba mara moja nchi nyingine zilikataa kuwaacha watoto wao kule na mara nyingine zilikubali. Ushirikiano wa kimataifa unaousikia kwenye hotuba, ukiuvua koti, ndani yake kuna mtoto wa mtu amesimama lindoni kwenye nchi isiyo yake. Afrika Kusini haina mpaka na Burundi.

Nisikudanganye upande mwingine. Kama hoja ni kwamba Berbérati ikitulia leo Kiboriloni itanufaika kesho, siwezi kuitetea. Afrika ya Kati iko mbali, wakimbizi wake wanakwenda Kamerun, Chad na Kongo, hawaji kwetu. Tanzania inakwenda kule kwa sababu nyingine: jeshi linapata uzoefu, nchi inapata sauti inapozungumza kwenye Umoja wa Afrika na New York, na kuna deni la wazi kwamba nasi tutahitaji wengine moto ukiwa mpakani kwetu. Mtu anaweza kusema sababu hizo hazitoshi, akawa raia mwema. Na si kila ushirikiano unafaulu. Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye makao yake hapo Arusha, ilipeleka kikosi Goma, mashariki ya Kongo, Novemba 2022. Baada ya mwaka mmoja Kongo yenyewe ikakataa kuendelea nacho. SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, wakaingia, Watanzania wakiwemo, na Goma ikaanguka mikononi mwa waasi Januari 2025 wakiwa huko huko. Majirani wanapokuwa sehemu ya ugomvi, kikosi cha majirani kinapata shida kuwa mwamuzi.

Sasa hatari, ambayo naamini ndiyo inayokuamsha usiku. Ipo. Desemba 7, 2017, kambi ya askari wetu pale Semuliki, mashariki ya Kongo, ilishambuliwa jioni na waasi wanaodhaniwa kuwa wa kundi la ADF, na mapigano yakaendelea kwa saa nyingi. Watanzania 15 waliuawa na zaidi ya 40 wakajeruhiwa. Uchunguzi wa UN haukumung'unya maneno: misheni haikuwa na mpango unaotekelezeka wa kupeleka msaada wala wa kuwatoa waliozingirwa, uongozi ulilega, ndege na taarifa za kiintelijensia zilikosekana. Mwezi huo huo jenerali mmoja wa Brazil, dos Santos Cruz, aliiandikia UN ripoti kali kuhusu vifo vya walinda amani, na toka hapo mafunzo na matibabu vilipewa uzito mpya.

Berbérati si Semuliki. Kwa miaka kadhaa magharibi ya Afrika ya Kati imekuwa tulivu kuliko mashariki ya Kongo, ingawa tangu 2021 mabomu ya kutegwa barabarani yamekuwa tishio jipya upande huo. Na kuna jambo wazazi wengi hawalijui: tangu 1948 walinda amani zaidi ya 4,300 wamefariki kazini, na kati yao waliouawa kwa mashambulizi ni kama robo tu. Wengine wengi wamekufa kwa magonjwa na ajali. Malaria na gari kupinduka. Hapo mama una nguvu kuliko jenerali. Vijana wengi wakishazoea wanaacha vidonge vya kinga ya malaria, wanasema vinawachosha. Wanaendesha bila mkanda kwa sababu barabara ni ya vumbi na hakuna trafiki. Mwulize kila akipiga simu, mpaka achoke: umemeza? Umefunga mkanda? Maneno hayo mawili yana faida kuliko kumwambia awe mwangalifu.

Kabla hajaondoka, mwulize na haya. Kila askari wa doria ana mkanda wake wa kuzuia damu, na amejizoeza kuufunga kwa mkono mmoja gizani? Kambi yao ndogo ikizidiwa, msaada unatoka wapi na unachukua muda gani? UN ina kipimo chake: aliyejeruhiwa apate huduma ya kwanza ndani ya dakika 10, huduma ya juu zaidi ndani ya saa moja, na upasuaji ndani ya saa mbili. Kwenye barabara za kule kipimo hicho hakifikiwi kila mara, na askari anayejua hivyo anajipanga tofauti na asiyejua. Asikutajie siri za kazi, wala usimchokonoe. Utamsikia tu kwenye sauti kama wamefundishwa au la.

Kuna jambo lingine ambalo si rahisi mama kulisema, lakini liseme. Juni 2023 UN ilitangaza kukirudisha nyumbani kikosi cha askari wetu 60 kutoka kule kule magharibi ya Afrika ya Kati, kwa madai kwamba 11 kati yao walihusika na unyanyasaji wa kingono dhidi ya wenyeji. Mwanao ni kijana, atakuwa na mshahara mahali ambapo msichana anaweza kujitoa kwa kopo la samaki. Sheria ya UN haina mlango wa "alikubali mwenyewe": ngono ya kulipia, au ya kubadilishana na chakula na msaada, ni kosa. Mwambie kama ulivyomwambia alipokwenda jeshini mara ya kwanza, bila kumzungushia.

Umeuliza kama ukamwombee kwa mkuu wa kikosi. Kukosea hujakosea kuwaza hivyo. Ila fikiria litakavyokuwa. Askari amekula kiapo, anapangwa na wakubwa wake, na barua ya mzazi peke yake haibadilishi orodha. Kitakachobaki ni kijana kuitwa mbele ya wenzake na kuambiwa mama yako alikuja. Ana miaka 26. Mwulize yeye kwanza, kwa utulivu, kama mwenyewe anataka kwenda. Naona kwenye barua yako hujasema anataka au hataki, na hilo ndilo ningetaka kulijua kabla ya yote. Kama kuna sababu ya msingi, mathalani ugonjwa ambao hakuutaja kwenye vipimo, mke mjamzito mwenye matatizo, au wewe mwenyewe unaumwa na hakuna wa kukuangalia, hiyo aipeleke yeye mwenyewe kwa ngazi zake, na vyeti vya daktari mkononi. Sababu za namna hiyo zina utaratibu wa kusikilizwa. Hofu ya mama, kwa bahati mbaya, haina fomu.

Yapo mambo ya kwenda mwenyewe kwa miguu, wala usiyafanye kwa simu. La kwanza ni karatasi. Kabla ya kuondoka atajaza jina la ndugu wa karibu na wategemezi wake. Jina lako kwenye fomu hiyo lifanane herufi kwa herufi na kitambulisho chako cha NIDA, na cheti chake cha kuzaliwa kiwepo. Kama kuna kosa, nendeni ofisi ya RITA sasa, akiwa bado nchini. Kama ana mwenza au mtoto ambaye hajamtambulisha kwenu, ni wakati wa kumtambulisha, na suala la kihamba mlikalishe na wazee wa ukoo pamoja na msaidizi wa kisheria angali anaweza kuzungumza mwenyewe. UN hulipa fidia askari akifariki kazini, nayo hupitia serikalini kwenda kwa warithi. Nimeshuhudia familia ikigawanyika juu ya fedha hiyo kuliko ilivyogawanyika kwa msiba wenyewe.

La pili ni wewe. Kukosa usingizi wiki ya kwanza ni uzazi. Lakini ikipita wiki mbili tatu na bado hulali, chakula hakipandi, moyo unakwenda mbio bila sababu, au unashindwa kufungua biashara, usiseme ni kawaida ya wazazi wa askari. Nenda Mawenzi au KCMC, uliza huduma ya afya ya akili, waeleze kama ulivyonieleza mimi. Na kikosini kwake uliza ni nani anayeshughulikia familia za askari. Nenda ujitambulishe, uache namba yako, uchukue ya kwao. Siku ukisikia uvumi kwenye WhatsApp kwamba "askari wetu wameshambuliwa", na utausikia, piga namba hiyo kabla hujampigia shangazi.

Na namba hiyo itakufaa kwa jambo lingine. Misheni ikianza, matapeli nao wanaanza. Utapigiwa na mtu anayelijua jina la kijana, anasema yuko Bangui, mwanao ana mzigo umekwama au ameumia na anahitaji tiketi, tuma laki tatu kwenye namba hii. UN haimtozi mzazi hata shilingi, si kwa matibabu, si kwa ndege, si kwa fidia. Kata simu, usibishane naye, piga kikosini, kisha ipeleke namba hiyo polisi.